Klachi mpya, tatizo lile lile: Hilux iliyogoma kupita Soni

Gari ni Toyota Hilux, pikapu ya kabini moja, dizeli ya 5L yenye cc 2,986 na giaboksi ya mkono ya gia tano. Kazi yake ni kati ya Mombo na Lushoto, mkoani Tanga, kupitia mji mdogo wa Soni. Linashuka na kabichi, karoti na viazi, linapanda na saruji, unga na bidhaa za dukani. Anayeijua barabara ile anaelewa klachi inapitia nini. Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko karibu na mita 1,400, na kimo chote hicho kinapandwa ndani ya kilomita thelathini na kitu za kona zinazofuatana. Dereva hakai na gia moja: ya tatu, ya pili, ya tatu tena, na huku nyuma kuna mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja kamili.

Malalamiko yalikuwa mafupi: injini inapanda resi, gari halipandi. Klachi inateleza. Lakini klachi yenyewe ni mpya, pleti ilifungwa kwenye gereji nyingine wiki chache tu nyuma. Mwenye gari, mama anayefanya biashara ya mboga, alikuja na boksi la pleti nyingine kwapani. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba ile ya kwanza aliuziwa feki.

"Mwanangu, shusha giaboksi, weka hii, kesho gari lipande."

"Nimekuelewa mama. Nipe nafasi nilitazame kwanza likiwa linateleza."

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu pleti ile ya pili ingeungua kama ya kwanza, na mama angerudi kulipa mara ya tatu. Spea feki zipo sokoni, sibishi. Ila siku hizi neno hilo limekuwa jibu la haraka, linatolewa kabla mtu hajagusa hata pedali, na mteja wa watu ndiye anayeumia. Kushusha giaboksi ya Hilux ni kazi ya siku nzima: propela ishuke, silinda ya klachi ifunguliwe, krosi memba itoke, jeki ya giaboksi iingie. Kazi ya namna hiyo haianzi kwa kubahatisha.

Nilianza na dereva, maana yeye ndiye anayekaa na ugonjwa. Nikamuuliza inaanza wapi akiwa njiani.

"Fundi, asubuhi haina shida yoyote. Natoka Mombo nakanyaga vizuri tu. Nikikaribia Soni inaanza kulegea, nikizidi kupanda ndiyo inakataa kabisa. Nikipaki nikanywa chai, inapanda tena kama haikuwa na kitu."

"Walipofunga pleti, kuna kitu kingine walibadilisha?"

Akafikiri kidogo. "Masta ya juu, silinda inayosukumwa na pedali. Ile ya zamani ilikuwa inavujia mguuni kwangu."

"Na baada ya masta mpya, gia zilikuwa zinaingiaje?"

"Siku ile ile rivasi ilikuwa inalia, namba moja inagoma. Nikawarudishia. Wakarekebisha pale pale kwenye pedali, ikawa safi."

Majibu haya yalinipa karibu nusu ya kazi, hasa la mwisho. Klachi ina magonjwa makubwa mawili yanayokinzana. La kwanza ni kuteleza: pleti haishikwi vizuri kati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na presha pleti inayoibana, kwa hiyo injini inazunguka kuliko magurudumu. La pili ni kutokata: ukikanyaga pedali pleti haiachiwi yote, shafti ya giaboksi inaendelea kuzungushwa, na gia zinalia au zinagoma, rivasi ikiwa ya kwanza kulalamika kwa sababu mara nyingi haina sinkronaiza, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kama gia za mbele. Gari hili lilianza na kutokata, likarekebishwa kwenye pedali, kisha likahamia kwenye kuteleza. Gari linalohama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili baada ya kuguswa marekebisho linatakiwa kukutia shaka juu ya hayo marekebisho kabla hujaishuku pleti.

Hata hivyo shaka inapimwa. Nililijaribu kwanza likiwa baridi, uani. Handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu, gia ya nne, resi kiasi, halafu nikaachia pedali taratibu. Injini ikazima hapo hapo, na ndivyo inavyotakiwa: klachi inayoshika lazima iizime injini inapopewa mzigo isiouweza. Ingekuwa inateleza, injini ingeendelea kuunguruma pedali ikiwa juu kabisa. Kipimo hiki hakirudiwi mfululizo, kwa sababu kila ukirudia unaipasha moto pleti na kuongeza ugonjwa ambao haukuwepo.

Jambo la pili lilikuwa la kidole. Nilikandamiza pedali ya klachi kwa kidole kimoja, nikitafuta ule ulegevu mdogo wa juu kabla haijaanza kuwa nzito. Haukuwepo hata kidogo. Pedali ilianza kusukuma tangu milimita ya kwanza. Dereva alikuwa anaipenda hivyo, anasema "inakata mapema". Nikakiweka hicho akilini, nikamwambia tupande na mzigo wake ule ule wa saruji.

Kosa linapimwa likiwepo. Fundi anayeletewa gari lililopoa, akalizungusha uani na kusema "mbona zima", anampotezea mteja muda. Tulipanda hadi dereva akaanza kuhisi ule ulegevu. Kwenye sehemu iliyonyooka kidogo nikamwambia abaki gia ya tatu akanyage mafuta mpaka mwisho. Resi zikaruka, mshale wa spidi ukabaki pale pale, na harufu ya lainingi iliyoungua, yaani ule uso wa msuguano wa pleti, ikaingia kabini. Anayeifahamu harufu ile hawezi kuichanganya na ya breki: inapanda kutokea chini ya miguu, na inabaki kwenye nguo.

Tukapaki sehemu tambarare, tukaziba magurudumu kwa mawe, injini ikazimwa, nikaingia chini mara moja kabla chochote hakijapoa. Uzuri wa Hilux hii ni kwamba silinda ya chini ya klachi imefungwa nje, ubavuni mwa kengele ya giaboksi (ganda linalofunika klachi), na fimbo yake inasukuma foku, mkono wa chuma unaokata klachi, ambayo unaweza kuifikia kwa mkono. Kwenye mfumo mzima, pedali ikiwa juu, unaweza kuishika foku ukaisukuma irudi kuelekea silinda. Itakubali kwa ugumu wa kawaida, na mafuta yatarudi kwenye kikopo cha masta. Hii haikusogea. Nilikaza mikono yote miwili, foku ikabaki imesimama kama imechomelewa, na ilikuwa imeegemea upande wa kukata klachi.

Nikavisha mpira mwembamba kwenye nipo ya kutolea upepo, ncha yake kwenye chupa, nikalegeza nipo. Pedali haikuguswa na mtu. Mafuta yaliruka kwa nguvu, yamechanganyika na povu, na foku ikarudi nyuma mbele ya macho yangu. Nikafunga nipo, nikatoka chini, nikawasha injini, nikarudia kile kipimo cha gia ya nne. Injini ikazima papo hapo.

Hapa ndipo kesi ilipokatwa. Kuna mtu angeweza kusema pleti mbovu nayo hupata nafuu ikipoa, na ni kweli, lainingi iliyopata moto sana hupungua kushika na ikipoa hurejea kidogo. Ndiyo maana maelezo ya dereva kuhusu chai ya njiani hayakutosha kuwa ushahidi. Lakini pale barabarani hakuna kilichopoa. Pleti ilikuwa ile ile, moto ule ule, harufu bado iko kabini. Kilichobadilika ni mafuta kiasi cha kijiko yaliyoingia kwenye chupa. Klachi iliteleza kwa sababu kulikuwa na presha iliyofungiwa kwenye paipu, ikiisukuma foku muda wote, kama vile kuna mguu wa mtu uliosahauliwa juu ya pedali.

Presha inafungiwaje? Ndani ya masta kuna pistoni yenye raba, na kuna njia ndogo inayounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Pedali ikiwa juu kabisa, pistoni inarudi hadi mwisho na njia hiyo inabaki wazi. Uwazi huo una kazi tatu. Mafuta yakipata joto la injini na giaboksi yanatanuka, na ziada inapandia pale. Pleti inapolika, vidole vya presha pleti vinasogea kuelekea giaboksi na kuirudisha nyuma pistoni ya silinda ya chini, na mafuta yaliyosukumwa nayo yanapandia pale. Na kila ukikanyaga na kuachia, mfumo unajisawazisha hapo hapo. Sasa ukiirefusha fimbo ya pedali, ile inayoisukuma pistoni ya masta, kupita kiasi, pistoni ya masta hairudi hadi mwisho. Njia inabaki imezibwa. Raba ya pistoni inaruhusu mafuta kupita kwenda mbele pedali inapoachiwa, ila hairuhusu yarudi, kwa hiyo kila kukanyaga kunaweza kuongeza kidogo ndani ya paipu. Kwenye barabara ya tambarare ya Segera, gia moja kilomita nyingi, usingeona kitu. Kwenye kona za Soni, klachi inakanyagwa mfululizo na joto linapanda, presha inajengeka mpaka foku inasogea.

Inaeleza pia kwa nini pleti mpya ilishika vizuri siku za mwanzo. Pleti mpya ni nene. Ilivyoendelea kulika kidogo, kama inavyolika pleti yoyote, pistoni ya chini ilihitaji kurudi nyuma na haikuwa na pa kurudisha mafuta. Baada ya hapo kuteleza kulizaa joto, joto likazaa kuteleza zaidi. (Kwa wenye magari ya klachi ya mafuta, hili lina faida nyingine ya kujua: pleti ikilika, mafuta kwenye kikopo cha klachi hupanda kidogo, tofauti na breki ambako hushuka. Kikopo cha klachi kikishuka, tafuta panapovuja.)

Tuliporudi Mombo nilitaka kujua presha inafungiwa wapi hasa, maana sehemu tatu zinaweza kufanya hivyo. Fimbo ya pedali ni moja. Njia ya ndani ya masta iliyozibwa na uchafu au raba iliyovimba ni ya pili, na hii hutokea sana mtu akiongeza oili ya injini au haidroliki kwenye kikopo badala ya mafuta ya breki ya DOT 3, kwani oili zinazotokana na mafuta ghafi huvimbisha raba zile. Ya tatu ni hozi ya mpira inayokwenda silinda ya chini: ikichoka kwa ndani, inavimba na kuwa kama vavu inayopitisha upande mmoja. Namna ya kuzitenganisha ni kuanzia juu kwenda chini. Tuliwasha injini ikapata joto, dereva akakanyaga pedali mfululizo hadi foku ikakaza tena. Kisha nikalegeza nati mbili zinazoishika masta kwenye ukuta wa injini, nikaiacha isogee mbele milimita chache bila kufungua paipu yoyote. Foku ikalegea. Ingebaki imekaza, ningelegeza nati ya paipu inayotoka kwenye masta: ikilegea hapo, masta ndiyo mbovu, na ikikataa hata hapo lakini ikalegea kwenye nipo ya chini, hozi ndiyo yenye kosa. Hatukufika huko. Fimbo ilitosha.

Chini ya dashibodi ushahidi ulikuwa wazi. Nyuzi za fimbo karibu na nati ya kufungia ziling'aa mahali ambapo nyuzi nyingine zilikuwa na vumbi na kutu nyepesi, na nati ilikuwa na alama mpya za spana. Fimbo ilikuwa imerefushwa.

Kipimo cha Toyota kwa pedali za namna hii ni kwamba fimbo yenyewe iwe na ulegevu wa milimita 1 hadi 5 ukipima juu ya pedali, na ulegevu wote wa pedali, kabla klachi haijaanza kusukumwa, uwe kati ya milimita 5 na 15. Nililegeza nati, nikaifupisha fimbo hadi nikapata kama milimita 3 za mwanzo, nikafunga nati huku nimeishika fimbo isizunguke. Mafuta kwenye kikopo yakapanda mbele yetu.

Kisha nikawasha gari na kuingiza rivasi. Ikalia.

Dereva akashtuka, akaniangalia. Mimi nilikuwa naisubiri, kwa sababu ya lile povu lililotoka kwenye nipo kule barabarani. Masta ilipobadilishwa, upepo ulibaki kwenye mfumo. Upepo hubonyea, kwa hiyo sehemu ya mwendo wa pedali ilikuwa inaishia kwenye kuubana badala ya kuisukuma foku, na klachi haikukata vizuri. Dawa yake ilikuwa kuutoa. Badala yake fimbo ilirefushwa mpaka pedali ikaanza kusukuma tangu juu kabisa, na rivasi ikanyamaza. Kosa moja lilifunikwa kwa kosa la pili, na la pili ndilo lililokula pleti. Ukirekebisha la pili peke yake, la kwanza linajitokeza, na hapo fundi asiyejua historia atairudisha fimbo ilikokuwa.

Tulitoa upepo kwa njia ya kawaida ya watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo na kuifunga kabla pedali haijaachiwa, kikopo kikiongezwa mafuta kisikauke kati. Vipovu viliendelea kutoka kwa muda kabla mafuta hayajawa safi. Rivasi ikaingia kimya baada ya sekunde chache za kukanyaga, na ulegevu wa pedali ukabaki ule ule niliouweka.

Mama alipoona gari linaingiza gia vizuri na linazima injini kwenye kipimo, akauliza swali la haki: "Kwa hiyo giaboksi haishuki tena?" Nilimweleza kwamba itashuka. Klachi iliyotoa harufu ile mara nyingi haiwezi kuaminiwa na tani moja juu ya kona za Soni, na kuijua hali yake bila kuiona ni kubahatisha kule kule tulikokukataa. Tofauti ni kwamba sasa pleti mpya inaingia kwenye gari lililopona.

Tuliyoyakuta ndani yaliendana na hadithi. Lainingi ilikuwa imeng'aa kama kioo na kuwa nyeusi pande zote mbili kwa usawa. Hapakuwa na oili. Hilo nililitafuta makusudi, kwa sababu sili ya nyuma ya krankshafti au ya mbele ya giaboksi ikivuja, nayo huteleza, lakini lainingi hulowa na mavumbi hugeuka tope. Vichwa vya riveti vilikuwa bado vimezama zaidi ya kikomo cha milimita 0.3, maana yake pleti ilikuwa haijaisha, iliungua. Springi zake za katikati zilikuwa zimekaza, riveti hazikulegea. Kwa yote niliyoweza kuyaona, ile haikuwa pleti feki. Presha pleti ilikuwa na mabaka ya bluu, na flaiwili ilikuwa na nyufa ndogo ndogo za joto juu juu ya uso. Rilizi beringi, ile inayosukumwa na foku, ilizunguka kwa mkwaruzo. Ilikuwa inabanwa muda wote na foku isiyorudi huku vidole vya presha pleti vikiizungusha, kwa hiyo nayo ilichoka kabla ya wakati.

Flaiwili ilikwenda kwa mchongaji, nyufa zikaisha bila kuvuka unene unaoruhusiwa. Presha pleti na beringi zilibadilishwa, hizo hazina mjadala zikishapata joto la namna hiyo. Pleti ya boksi la mama tuliilinganisha na ya zamani kipenyo na idadi ya meno, tukaivisha kwenye shafti ya giaboksi kuona inateleza kwa mkono bila kushika, ndipo ikafungwa, ikiwa imewekwa katikati kwa kipande cha shafti cha zamani. Vumbi la ndani ya kengele lilifutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kulipuliza kwa kompresa ni hatari kwa mapafu, na lainingi za zamani zilikuwa na asibesto.

Dereva nilimwomba mambo mawili. Kwa siku za mwanzo apande na mzigo mwepesi ili pleti ikae vizuri kwenye uso mpya wa flaiwili, na kila asubuhi kabla ya kuwasha aguse pedali kwa kidole. Ule ulegevu wa juu ukipotea, asimruhusu mtu kugusa giaboksi kabla fimbo haijapimwa. Pedali sasa inakata chini kidogo kuliko alivyoizoea, na mwanzoni alilalamikia hilo. Nilimwonyesha foku ikirudi nyuma hadi mwisho kila anapoachia, akakubali.

Gari limeshapanda Lushoto na saruji yake, likakaguliwa tena: ulegevu uko pale pale, nipo ikifunguliwa bila kukanyaga pedali mafuta yanadondoka tu. Kilichobaki ni hozi ya mpira ya silinda ya chini. Haikuwa na kosa kwenye kipimo, ila mpira wake umepasuka pasuka kwa nje, na nimemwandikia mama aibadilishe kwenye sevisi ijayo, pamoja na mafuta yote ya klachi.